Mshipi wa Namba Sita

Jumanne, 16 Septemba. Vulamba, Butembo

Nimefika Butembo kwa siku mbili. Nimebeba shati moja la kubadilisha, daftari hili ambamo huwa nachora matumbo ya redio za watu ninazozitengeneza, na habari moja ya kumpa shemeji yangu Kitsa: binti yangu Séphora anaolewa Beni, Jumamosi tarehe 20 Desemba. Kitsa ni kaka mkubwa wa marehemu mke wangu, yaani mjomba wa bibi harusi. Kwetu harusi haisimami kabla mjomba hajasema neno lake, na mjomba haombwi neno kwa simu. Inabidi uende, ukae, unywe chai yake.

Nimekwenda, nimekaa, nimekunywa. Neno bado.

"Kwanza upumzike, shemeki," ameniambia. "Neno haina miguu, haitakimbia."

Alhamisi, 18 Septemba

Siku mbili zimekwisha, shati limekwisha. Asubuhi nimeomba njia. Huwezi kutoka kwenye nyumba ya mkubwa bila yeye kukuruhusu kwa mdomo wake; ukitoka hivihivi, umetoka kama mwizi. Shemeji akasema chai bado. Baada ya chai akasema mvua. Mvua ilipokatika, simu ikalia: wenye bunduki wametokea tena kwenye barabara ya Beni, magari yote yamegeuzwa.

"Unaona," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Kutoka hapa mpaka kwangu ni kilomita hamsini na kidogo. Zamani ilikuwa safari ya usingizi mmoja garini.

Jumapili, 21 Septemba

Nyumba ya shemeji ina ghorofa, vigae vya kung'aa mpaka ukutani, na vyumba saba. Tunaoishi ndani ni watatu: yeye, mimi, na Agar anayepika. Agar ni mama wa makamo anayesema maneno kumi kwa siku, na saba kati yake ni "chakula". Mke wa shemeji alikwenda Kampala kuona wajukuu kwa wiki mbili. Huu ni mwaka wa tatu. Mwanawe Ariel yuko Guangzhou, anatafuta bidhaa na kumtumia baba yake picha zake. Shemeji mwenyewe ana miaka sabini na mmoja, na saa kumi na mbili asubuhi koti liko mwilini tayari. Anauza nyavu, nyuzi na ndoana kwa wavuvi wa Ziwa Edward. Maishani mwake hajavua hata samaki mmoja. Nyuma ya nyumba, bondeni kati ya mikaratusi, ana bwawa lililojaa tilapia, lakini sisi tunakula samaki wa kopo. Wale wa bwawani, anasema, anawajua kwa sura.

Jumanne, 23 Septemba

Mvua.

Jumatano, 24 Septemba

Mvua. Nimeomba njia. Chai bado.

Jumatano, 1 Oktoba

Leo baada ya sala shemeji ametoa kitu kilichofungwa kwenye gunia. Wafanyabiashara wa hapa hujaza kontena moja kwa pamoja, kila mmoja na alama yake juu ya mizigo yake. Siku ya kufungua, kila mtu huchukua chenye alama yake. Kisicho na alama ni cha mkubwa wao kwa umri, na mkubwa haruhusiwi kukiuza. Hivyo ndivyo shemeji amepata ufito wa kuvulia wa vipande vinne, mwembamba kama mkia wa panya, na gurudumu lake dogo la chuma. Mshipi haumo. Na kwa kuwa hawezi kuuza, amebaki na balaa la kutumia.

"Weye ulibebaka mufuko ya mon père," akaniambia. "Ule Mubelgiji wa kuvua kwa manyoya."

"Nilibeba."

"Donc unajua."

Hapa ndipo nilipotakiwa kusema kwamba ninachojua ni mfuko. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilikaa juu ya jiwe kwenye mito inayoshuka Ruwenzori, nikamwangalia Padri huyo Mbelgiji akichapa hewa kwa miaka miwili. Ufito wake sikuushika hata mara moja. Lakini mtu aliyekaa wiki mbili bila kuombwa maarifa hupata njaa ya aina yake.

"Najua," nikasema.

Nikamweleza, na ninachoeleza huwa nakieleza vizuri. Kwenye ndoana ya kawaida uzito uko kwenye chambo, na uzi unafuata. Hapa chambo ni nzi wa manyoya asiye na uzito wowote, kwa hiyo mshipi wenyewe ndio mzigo: mshipi unatupwa, nzi anafuata kama abiria. Bila mshipi wa aina yake, huo ni ufito wa kuchungia kuku.

Jumapili, 5 Oktoba

Pasteur Syauswa, jirani na mchungaji wa kanisa la Kiprotestanti la shemeji, huja kunywa chai kila Jumapili. Mbele yake nimeomba kwa mara nyingine, safari hii kwa adabu ya mitego. Najua kwamba barabara ikitulia kidogo, Fuso ya shemeji huenda Beni Alhamisi pamoja na magari ya askari wasindikizaji, na nafasi ya mbele ndani ya Fuso anaitoa yeye peke yake. Nikaiomba nafasi hiyo.

Shemeji akafikiri mpaka chai yake ikapoa.

"Unioneshe kwanza samaki moja kwa hii kanne," akasema, akiuonyesha ule ufito. "Moja tu. Nikiona, unapanda, na neno ya mujomba nitakupa."

"Nimesikia," akasema Pasteur, akicheka.

Hapa Butembo, neno la mfanyabiashara mbele ya shahidi lina nguvu kuliko muhuri. Basi sasa najua urefu wa kamba niliyofungwa nayo. Ili nifunguliwe, inabidi ninunuliwe nyingine, ya kuvulia.

Jumatatu, 6 Oktoba

Ariel ametuma picha za mishipi minne kutoka Guangzhou. Wa kijani unaelea. Wa kahawia unazama wote. Wa tatu mwili unaelea, ncha inazama, kama watu fulani ninaowajua. Wa nne unaelea pia, lakini una rangi ya chungwa. Sauti yake kwenye simu: "Papa Séphora, uchague moja. Mutu anayetoka huku anapanda ndege tarehe kumi na tano. Akienda, mungine ni mwaka kesho."

Nikikosea, sitakuwa Beni tarehe 20. Binti yangu atatembea kanisani peke yake kwa sababu ya rangi ya kamba.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekaa bwawani juu ya beseni lililogeuzwa. Samaki hawaonekani. Wako chini, kwenye tope. Huo ni ushauri wa kununua wa kuzama.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimekaa. Chini tena. Shemeji amekuja na mawazo.

"Tuagize kamba ya namba tisa," akasema. "Kama sita ni muzuri, tisa ni muzuri zaidi."

Nikamwonyesha namba iliyoandikwa juu ya mpini wa ufito: 6. "Shemeki, Fuso yako ni ya tani ngapi?"

"Tano."

"Ukipakia kumi?"

Akauangalia ufito kwa huruma, kama mtu anayeona ekseli ikikatika. "Inakata," akasema. "Sawa. Sita." Kisha akakaa pembeni yangu kwenye nyasi zenye maji, na koti lake, saa nzima. Ni mtu mgumu, lakini anajua kukaa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimepata jibu. Saa tisa mvua ilikatika ghafla na jua likatoka, na ardhi ikaanza kutoa kumbikumbi. Walipanda kama moshi kutoka kwenye vichuguu vya kando, wakaangusha mabawa, na waliokosa bahati wakaangukia maji. Bwawa likachemka. Samaki wote waliokuwa wakijifanya maskini wa tope walikuja juu na midomo wazi, wakubwa mbele.

Kwa hiyo chakula chao halisi kinatoka juu, lakini kwa siku chache tu, na baada ya mvua. Mshipi wa kuzama ungempeleka nzi wangu mahali ambapo hakuna anayemngoja. Nimemwandikia Ariel: namba sita, wa kuelea, rangi ya chungwa, ili shemeji auone kwa macho yake ya uzee.

Agar alikuwa akikusanya kumbikumbi kwenye sahani kwa ajili ya kukaanga. "Chakula," akasema.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mshipi umepanda ndege. Mimi sijapanda kitu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimefanya ujinga, na nauandika wote.

Séphora alipiga simu jana. Sauti yake haikuwa na malalamiko, na hilo ndilo lililonichoma. "Papa, batu banauliza kama uko. Minasema uko. Kama haukuye, nitatembea na redio yako. Nitaibeba kwa mukono, nitaifungulia habari."

Asubuhi, shemeji alipokwenda dukani, nilitoka bila kuomba njia. Nilipata motari wa pikipiki barabarani, anaitwa Jean-de-Dieu, mwenye kofia ya chuma moja ambayo alivaa yeye.

"Mpaka Beni?" akauliza.

"Mpaka Beni."

"Mi ninafikisha mutu mahali barabara inafika," akasema. "Si mimi niliyeikata."

Tulikwenda vizuri. Ukungu ulikuwa juu ya mashamba ya viazi, akina mama walikuwa wakishuka na mizigo ya vitunguu, na kwa nusu saa nilikuwa mtu mwenye mahali pa kwenda. Kisha tukaanza kukutana na watu wanaokuja kinyume: kwanza pikipiki mbili, kisha familia nzima kwa miguu, godoro kichwani, mbuzi kwa kamba. Hakuna aliyekuwa akikimbia. Walitembea kama watu waliozoea. Mama mmoja alituambia bila kusimama: "Murudi. Asubui bamechoma nyumba ku barabara." Jean-de-Dieu akapunguza mwendo, lakini hakusimama, kwa sababu mimi sikumwambia asimame.

Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari kijana aliniambia kwa Kilingala nirudi. Nikamweleza harusi. Akasikiliza yote, mjomba, neno, tarehe. Kisha akauliza, "Papa, binti anakutaka ukiwa mzima au vipande?" Halikuwa tusi. Aliuliza kama karani anayejaza fomu.

Nilirudi saa kumi, na tope mpaka masikioni. Shemeji alikuwa amesimama getini na mwavuli. Sijui tangu saa ngapi. Viatu vyake vilikuwa vimelowa vyote. Nilingoja maneno. Nilikuwa na majibu matatu tayari.

"Umechelewa chai," akasema, akanifungulia.

Agar alikuwa ameifunika na sahani. Ilikuwa bado na moto.

Ijumaa, 24 Oktoba

Majibu yangu matatu bado ninayo. Hayana kazi.

Jumatatu, 3 Novemba

Mji mfu. Maduka yamefungwa kwa kulalamikia mauaji. Hata mbwa wako ndani.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimeuliza habari ya mshipi. "Uko Kampala," akasema shemeji.

Jumatatu, 10 Novemba

"Uko Kasindi, ku mupaka." Basi. Mvua.

Jumatano, 12 Novemba

Bado Kasindi. Mshipi nao ni mkimbizi.

Nimechoka kungoja, nimekwenda kukaa barazani mbele ya duka la nyavu. Hapo ndipo Débora husuka nywele. Ana kiti kimoja, kioo kilichopasuka na ulimi mzima. Nilimwangalia anavyomaliza msuko: anaanza mnene kwenye kichwa, halafu kila hatua anaacha uzi mmoja, mpaka ncha inabaki nyembamba kama sindano, na haionyeshi mahali ilipopungua.

Nikasimama. Mshipi wa Padri ulikuwa hivyohivyo: mnene mbele kidogo ya katikati ili kuwa mzigo, na mwembamba nchani ili uanguke juu ya maji bila kelele. Nilikuwa nautafuta China, kumbe uko barazani.

"Mama Débora, unaweza kusuka nyuzi za nyavu?"

"Za kichwa ya nani?"

"Za samaki."

Mteja aliyekuwa kwenye kiti akageuka kuniangalia. Débora akamrudisha kichwa mahali pake. "Papa Séphora, hii nyumba imekuchosha," akasema. "Nilisema. Mutu hawezi kunywa chai miezi mbili akabaki na akili."

Nikamchorea kwenye daftari: hatua ishirini za urefu, nyuzi nane pale penye mzigo, kisha saba, sita, mpaka tatu. Akauangalia mchoro kwa muda mrefu. Alipouliza maswali, yalikuwa ya fundi: uvutwe kwa nguvu gani, upakwe nini, ulowe au usilowe.

"Usilowe. Uelee."

"Basi nta ya nyuki. Vazelini itatoka." Kisha akasema: "Redio yangu haisikie tena. Nasikia paka upepo tu. Ukiitengeneza, nakusukia samaki wako."

Jumapili, 16 Novemba

Redio ya Débora: waya mmoja umekatika. Nimemwambia ilikuwa kazi ngumu.

Alhamisi, 20 Novemba

Mshipi umekwisha. Ni mweusi, unanuka asali, na unaelea. Fuso imekwenda Beni leo, barabara ilikuwa shwari. Nimeiangalia ikitoka getini na nafasi ya mbele tupu.

Jumanne, 25 Novemba

Najifunza kutupa, uani, bila ndoana. Sasa naona nilichokikosa nikiwa juu ya jiwe kwa miaka miwili. Nilidhani Padri alikuwa akichapa hewa. Siri iko nyuma: ukishautupa mshipi nyuma, unangoja unyooke wote kabla ya kuurudisha mbele. Ukiharakisha, unakuangukia kichwani kama tambi. Leo umeniangukia mara arobaini. Mara moja umekamata shuka, na Agar akatumia akiba yake ya maneno ya wiki.

Jumanne, 2 Desemba

Mara kumi na mbili tu. Shemeji ananiangalia kutoka dirishani na kuondoka. Nimeuliza. "Kasindi," akasema.

Jumatano, 3 Desemba

Nimeamka saa kumi na mbili kasoro kwa sababu ya baridi. Kutoka dirishani nimeona mtu bwawani ndani ya ukungu: koti, buti za mpira, ufito. Juu ya kichwa chake, ikienda na kurudi, kamba ya rangi ya chungwa.

Niliiangalia mpaka nikakubali kwamba naiona. Alikuwa akitupa kama mtu anayelima, kwa mabega, na kamba ilimwangukia shingoni, na yeye akaifungua polepole kwa subira, akaanza tena. Kando yake, juu ya beseni langu, kulikuwa na kifungashio kilichokunjwa vizuri. Shemeji hatupi kitu.

Kwa hiyo mshipi haukuwa Kasindi. Nimemuuliza Agar, akasema, "Umefika tarehe saba ya mwezi uliopita," akaendelea kumenya viazi. Tarehe saba, ile ile aliyoniambia Kampala. Tangu siku hiyo Fuso imekwenda Beni mara mbili. Nilikuwa nikisukisha nyuzi za nyavu kama mfungwa anayechimba ukuta kwa kijiko, na ufunguo umo mfukoni mwa anayenimiminia chai. Mzee wa kanisa. Anasali dakika ishirini juu ya mkate. Nimepanga maneno ya kumwambia, nimeyapanga kwa mpangilio, kutoka madogo hadi yale ambayo hayarudishwi. Marehemu mke wangu alikuwa akisema kaka yake hajawahi kusema uongo, ila hukawia kusema kweli. Nilidhani ni sifa.

Nimemwangalia tena. Alikuwa amejipiga sikio. Alitazama kulia na kushoto kama kuna aliyeona.

Alhamisi, 4 Desemba

Sikusema. Si kwa wema. Nikisema, atasema samahani, na mkubwa akishakuomba samahani umebaki na deni la heshima kwake, na bado uko Butembo. Nataka samaki, mbele ya Pasteur. Mezani nimeuliza tu: "Kamba ya Ariel iko wapi?"

"Kasindi," akasema, akikoroga chai ambayo hakuwa ametia sukari.

Jumapili, 7 Desemba

Pasteur yupo, mvua haipo. Samaki wako chini.

Jumatatu hadi Jumamosi

Jua. Sijawahi kuchukia jua hivi. Séphora hapigi simu tena. Anatuma picha za viti.

Jumapili, 14 Desemba

Saa nane mvua kubwa. Saa tisa na nusu ikakatika. Pasteur alikuwa na kikombe mkononi nilipoona moshi wa kwanza wa kumbikumbi karibu na mikaratusi. Nikachukua ufito sebuleni, nikafunga mshipi mweusi wa Débora, nailoni nyembamba nchani, na kumbikumbi wangu niliyemtengeneza kwa manyoya ya jogoo. Nikasema, "Pasteur, tafadhali. Shemeki, tafadhali." Wakanifuata na vikombe vyao.

Bwawa lilikuwa likichemka. Nikaharakisha, nikakamata kofia ya Pasteur.

"Hii siyo samaki," akasema.

Mara ya pili nzi akaanguka kwenye nyasi. Kumbikumbi walikuwa wameanza kupungua. Jambo hili huisha ghafla kama lilivyoanza. Nikatupa nyuma. Nikasikia shemeji nyuma yangu akisema, taratibu sana, kama anajisemea: "Ngoja."

Nikangoja. Mshipi ukanyooka, nikauhisi ukivuta kiganja, nikaurudisha. Ulikwenda mbele mzuri, mweusi juu ya maji ya kahawia, na nzi akatua katikati ya wenzake wa kweli. Mdomo ukaja. Nilivuta tilapia wa kiganja kimoja na nusu, mwenye hasira.

Pasteur alimwangalia samaki, akamwangalia shemeji. "Papa Ariel," akasema, "nilisikia. Sasa nimeona."

"Atapanda Alhamisi," akasema shemeji. Akachukua samaki kwa mikono miwili, akamrudisha majini.

Jumatatu, 15 Desemba

Ameniletea mshipi wa chungwa baada ya chai. Ameuweka mezani pembeni ya ule mweusi.

"Ulisema 'ngoja'," nikamwambia. "Nani alikufundisha?"

"Shingo yangu." Akaupapasa ule mweusi. "Ningekupatia siku ilifika, ungeshika samaki siku ile. Nafasi ingekuwa yako. Mi ningebaki kunywa chai na Agar. Agar ni mutu muzuri, lakini haongeake." Akaukunja ule wa chungwa. "Na nilitaka kujua kutupa kwanza. Nisichekwe na Mukatoliki."

Maneno yangu yaliyopangwa yalikuwa bado yapo, kwa mpangilio. Niliyatafuta madogo. Nikasema: "Unatupa kwa mabega. Tumia mukono, kama unafunga mulango bila kutaka mutoto aamke."

Tumekwenda bwawani mpaka saa sita. Ametupa vizuri mara tatu.

Alhamisi, 18 Desemba. Beni

Niko kwangu. Naandika ilivyokuwa.

Asubuhi niliomba njia. Alinipa, kwa maneno yote, mbele ya Agar. Neno la mjomba hakunipa. Nikamkumbusha. "Nakusindikiza kidogo," akasema, kama inavyotakiwa: mwenye nyumba humtoa mgeni mpaka mahali fulani, wakaagana huko. Akachukua ufito. Nilidhani ananipa.

Tukafika getini. "Mpaka ku Fuso," akasema. Tukafika kwenye Fuso, nikapanda, akapanda. "Mpaka pale barabara inaanza." Barabara ikaanza. Dereva akaniangalia, mimi nikaangalia nje. "Mpaka ku barrière," akasema shemeji.

Miaka mitatu huyu mtu hajatoka mjini. Kabla hatujafika kwenye barrière mikono yake ilikuwa imeushika ufito mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Magari ya askari yalikuwa mawili mbele na moja nyuma. Tukapita nyumba zilizoungua, mlango mmoja umesimama peke yake bila ukuta. Yeye alikuwa akisali bila sauti. Nami nilisali ya kwetu, kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza hakunisahihisha. Nikaelewa ni nani kati yetu aliyekuwa amefungwa kwenye ile nyumba. Mimi nilizuiliwa na yeye. Yeye hakuwa na wa kumwomba njia.

Mikakao ilipoanza kuonekana na joto la Beni likaingia dirishani, akavua koti.

"Neno ya mujomba," akasema, "haiombwe kwa simu. Hata kutumwa haitumwe."

Jumamosi, 20 Desemba

Séphora ameolewa. Nilitembea naye; redio ilibaki nyumbani. Neno la mjomba, baada ya miezi mitatu, lilikuwa hili: "Mukasirike, lakini hapana wote siku moja." Akakaa.

Jumapili, 21 Desemba

Fuso imerudi Butembo bila shemeji. Alikuwa hajamaliza kula.

Jumanne, 23 Desemba

Barabara imefungwa.

Jumamosi, 27 Desemba

Nyumba yangu ina vyumba viwili na redio kumi na nne zilizokufa. Shemeji analala kitandani, mimi kati ya redio. Bwawa hakuna, hata dimbwi. Jioni tunatupa uani bila ndoana, yeye wa chungwa, mimi mweusi, tukipokezana ufito, na majirani wanaleta viti. Amemkamata mbuzi wa jirani kwa pembe mara moja. Anasema alikusudia. Anaongea sana, sikujua. Jana amenieleza habari za marehemu mke wangu akiwa mtoto wa miaka sita, mambo ambayo marehemu mwenyewe hakuwahi kuniambia.

Jumatatu, 29 Desemba

Dereva wa Fuso, aliyeingia Beni jana, amepiga simu saa kumi na mbili asubuhi: barabara imetulia, wasindikizaji wanaondoka saa tatu, Mzee ajitayarishe. Nimemjibu sawa, nimetia simu mfukoni.

Shemeji ametoka chumbani na koti lake. Amesimama mlangoni, akaomba njia, kwa adabu, kama inavyotakiwa.

Nimemwambia chai bado.